Kitufe cha Shikamoo

Vijana wangu wa idara, siku mliponiaga mlinipa kitenge, chupa ya chai na daftari lenye jalada gumu, mkasema, "Mama Zuhura, tuandikie uliyoyaona kazini." Kitenge nimekishona na chupa ninaitumia kila siku. Najua daftari mlilitoa kwa adabu tu, na hakuna hata mmoja wenu aliyetegemea kwamba ningeandika kweli. Sasa mtasoma.

Vyeo sitavitaja, maana vilikuja kwa kuchelewa na kwa kusuasua. Mishahara mnaijua wenyewe. Nitaanza na siku ya kwanza, nilipoteremka Mbulu na ndara zangu za Kondoa na gauni jepesi la maua. Ilikuwa saa nne asubuhi na ukungu umekaa mpaka dirishani. Watu walikuwa wamejifunga mablanketi mabegani, wanatembea polepole, hawana kelele. Nilimuuliza mlinzi wa ofisi kwa huruma kabisa kama kuna msiba mjini. Akaniangalia miguu, akasema, "Hakuna msiba, dada. Labda wako, usiponunua soksi."

Aliyenipokea alikuwa Mzee Boay, mtunza masjala. Alikuwa Mwiraqw wa hapo hapo, mrefu, mwenye sauti ya chini, na alijua kila jalada lilipo hata taa zikizimika. Mimi nilikuwa afisa utamaduni mpya mwenye stashahada na maneno mengi. Alisoma ripoti yangu ya kwanza, kurasa sita kuhusu kikundi kimoja cha ngoma, akairudisha.

"Binti," alisema, "ripoti ni mistari miwili. Umeingia saa ngapi, umetoka saa ngapi. Ya katikati mtu yeyote anaweza kutunga."

Tangu siku hiyo kila ripoti yangu imeanza na mistari hiyo miwili, na nadhani ninyi mliikuta mkadhani ni agizo la wizara. Ni agizo la Mzee Boay. Alinipa na la pili: "Ukifika kwa mtu, kaa. Ukipewa kiti ukakikataa, umekuja kugombana." Hilo nililiitikia kwa kichwa tu. Nilikuwa na saa mkononi, mhuri mkobani na pikipiki ya ofisi tuliyoshirikiana na idara ya mifugo, ambayo ilinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe hata baada ya kuoshwa mara tatu. Mtu mwenye vitu vyote hivyo haoni haja ya kukaa.

Kazi ilikuwa ngoma, kwaya, mashindano ya shule na ukaguzi wa vibanda vya video. Vibanda hivyo vilinipa taabu na kicheko kwa kiasi sawa. Kulikuwa na bwana mmoja aliyewatafsiria wateja sinema za Kichina papo hapo, kwa sauti ya juu, wala Kichina hakukijua. Nilipomuuliza anajuaje wanachosema, akajibu kwamba watu wanaopigana hawasemi mambo mengi tofauti. Sikupata kifungu cha sheria cha kumkamatia.

Ndipo ukaja waraka kutoka juu. Ulisema kuna michezo ya kompyuta yenye mauaji na matusi, na maafisa wachukue hatua. Mmoja ulitajwa zaidi kuliko mingine. Ulikuwa umeleta kelele hata kwao ulikotengenezwa, magazeti yakaukemea na maduka mengine yakakataa kuuza. Mchezaji ndiye jambazi mwenyewe. Haoni mwili wake, anaona mikono yake tu na alichoshika, bomba la chuma kwanza, kisha bunduki, naye anapita mitaa michafu akitafuta mabosi wa uhalifu mmoja baada ya mwingine. Nilisoma waraka nikajiambia kwamba hayo ni ya mijini mbali, Mbulu tuna mahindi na ng'ombe. Wiki haikuisha nikaambiwa gemu hiyo inachezwa Dongobesh, nyuma ya kibanda cha fundi redio, na wateja wameipa jina la Jambazi.

Fundi huyo aliitwa Paskali. Alikuwa mtu mwembamba, sura laini, kofia ya sufi kichwani. Alikuwa ameokota kompyuta nne zilizotupwa na ofisi za watu, zile za zamani zenye kisogo kikubwa, akazifufua kwa vipuri vya redio. Kanisani kwao alikuwa mwalimu wa kwaya. Niliposimamisha pikipiki alitoka nje, akavua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," nikamjibu kwa sauti yangu ya ofisi. "Nimekuja kukagua."

"Karibu sana. Karibu kiti." Akanisogezea kigoda chake cha miguu mitatu, akakifuta kwa mkono.

"Nina haraka," nikasema, nikampita.

Haraka ya nini, mpaka leo sijui. Baada ya pale sikuwa na kazi nyingine yoyote, nilikwenda kunywa chai. Ndani walikuwa wanaume wanne, watu wazima, wawili makondakta wa vifodi vya abiria na wawili wauza mbegu, kila mmoja na kompyuta yake na vidude masikioni. Hakuna aliyegeuka na hakuna aliyenisalimia. Mnajua mahali pale salamu ilivyo. Mtu anaweza kukudhulumu shamba lakini shikamoo atakupa. Nilisimama nyuma yao nikisubiri, na damu ikanichemka. Kwenye kioo kimoja mtu wa bomba alikuwa akimpiga mwenzake, kingine kilikuwa kinamwaga matusi ya Kiingereza mpaka yanavuja kwenye vidude, nao wanne wakacheka pamoja. Nilichukulia kwamba wananicheka mimi. Niliandika nikiwa nimesimama, daftari juu ya mkoba, nikapiga mhuri hapo hapo.

Nina nakala ya ripoti ile hapa nilipo. Inasema: kuingia saa tano na dakika kumi, kutoka saa tano na dakika ishirini na moja. Inasema mmiliki anawafundisha wateja mauaji na matusi. Inasema hakuna usimamizi. Na kwa kuwa nilikuwa na hasira nikitafuta cha kuongeza, inasema pia kwamba vifaa ni vibovu, kibodi zote nne zina pengo la kitufe kimoja safu ya chini, mahali pale pale, na mmiliki hajali matengenezo.

Paskali alinifuata mpaka kwenye pikipiki. "Mama, ungekaa kidogo ukaona mpaka mwisho."

"Nimeona ya kutosha."

Ukumbi ukafungwa. Ripoti yangu ilisomwa kwenye mkutano wa kata, kila mtu akasikia. Baadaye kanisani wakamwomba apumzike kidogo ualimu wa kwaya, na hicho kidogo kikawa miaka. Lile jina la gemu likamhamia yeye, akawa Paskali Jambazi, mtu ambaye hajawahi kupiga hata ng'ombe wa jirani. Alipoomba kufundisha kompyuta shuleni, ombi lilipita kila meza vizuri mpaka mtu mmoja alipofungua jalada. Akarudi kwenye redio zake. Kila nilipopita Dongobesh alivua kofia akaniambia shikamoo mama, nami nikamjibu marahaba, nikaona kwamba hana kinyongo na kwa hiyo sina kosa.

Mzee Boay ndiye aliyeiweka ripoti ile jaladani. Aliisoma, akasoma tena mistari miwili ya juu. "Dakika kumi na moja," alisema.

"Zilitosha, mzee."

"Chai yangu mimi inapoa kwa muda mrefu zaidi." Akafunga jalada, na hakunisemesha tena jambo hilo mpaka alipostaafu.

Nikahamishiwa Hanang, nikakaa huko miaka mingi. Nitawapa siku moja tu, ya Gehandu. Nilikwenda kuandikisha kikundi cha kina mama cha kuimba, na nilikuwa na swali moja tu, nani ni katibu. Walinipa kiti, wakanipa maziwa, wakaendelea kupura maharage. Nikauliza tena. Wakaniongezea maziwa. Kufika alasiri nilikuwa nimepura debe moja kwa mikono yangu na nimejua mume wa nani anakunywa. Jua lilipoanza kushuka ndipo mama mmoja akasema, "Katibu ni mimi. Tulitaka kwanza tukuone." Nilirudi nimevimba vidole, na niliandika ripoti nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Kuingia saa tatu, kutoka saa kumi na moja na nusu. Nilimkumbuka Mzee Boay njia nzima, na ni aibu kusema kwamba Paskali sikumkumbuka.

Nilirudishwa Mbulu nikiwa nimebakiza miaka michache. Ofisi ilikuwa imejaa kompyuta nyembamba na vijana waliosema na simu zao. Hapo nikakutana na Godi, ambaye ninyi nyote mnamjua kwa kicheko chake. Alitokea Moshi, alinisalimia vizuri, na alinifundisha kutuma barua bila kutumia karatasi. Mimi nilimfundisha kuandika saa ya kuingia na kutoka. Alisema simu inajiandikia yenyewe. Nikamwambia simu haijui aibu.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu nistaafu. Godi akaja na rundo la maombi ya kamati ya vibali, akayaweka mezani akicheka.

"Mama, huyu bwana kichekesho. Anaomba kufungua darasa la kompyuta na ukumbi wa gemu hapa Mbulu mjini. Ameorodhesha gemu zake, ya kwanza ndiyo ile ile aliyofungiwa zamani. Jalada linasema alifungiwa na..." Akaona jina langu. "Shikamoo mama."

"Umeshanisalimia asubuhi. Lete."

Gemu imetoka upya, Godi akanieleza. Wameichukua ile ya zamani wakaipiga msasa, picha zimeng'aa, mitaa ni ile ile, majambazi ni wale wale. Paskali alikuwa ameandika kwa mkono chini ya orodha: Itachezwa na wenye miaka kumi na nane na kuendelea. Nimeitaja ya kwanza kwa sababu ndiyo niliyofungiwa. Nikiificha mtasema nilikuwa na cha kuficha.

Nikageuza fomu, nikafika kwenye mwaka wa kuzaliwa. Nilivua miwani nikaifuta, nikasoma tena. Paskali amenizidi miaka saba.

Sijui kama ninyi mliozaliwa juzi mnaweza kuelewa nilivyojisikia. Mtu aliyenizidi miaka saba alikuwa amenipa shikamoo mbele ya watu, miaka yote ile, kwa sababu nilikuwa na mhuri, nami nilikuwa nimepokea kila moja bila hata kumwangalia usoni vizuri. Nilipokea shikamoo zisizo zangu. Hata kuzirudisha huwezi.

Jumamosi mchana nilimwomba Godi aiweke ile gemu kwenye kompyuta yake. Niliandika saa ya kuingia, nikakaa. Sitaki mnielewe vibaya, gemu ile ni chafu. Damu imezidi, matusi yamezidi, na nisingetaka mjukuu wangu aione. Lakini kuna jambo ambalo dakika kumi na moja hazikunionyesha. Kila unayekutana naye mtaani unaweza kumsemesha. Kuna kitufe kimoja cha kumsemesha kwa upole na kitufe kingine cha kumtukana. Ukimtukana anachomoa silaha na wenzake wanakuja. Ukimsemesha kwa upole, wengi wanakuacha upite, na wengine wanakuelekeza njia.

"Hiki cha upole," Godi alisema, "wazee wa Dongobesh wanakiita kitufe cha shikamoo. Mjomba wa mpangaji mwenzangu alikuwa kondakta huko, alicheza kwa yule bwana. Anasema walikuwa wanamaliza mtaa mzima kwa kusalimia. Wanashindana nani atafika mbali bila ugomvi."

"Na cha kutukana kiko wapi?"

"Hapa, mama. Safu ya chini."

Niliondoa mikono kwenye kibodi. Nikafungua ripoti yangu nikamsomea kwa sauti: kibodi zote nne zina pengo la kitufe kimoja safu ya chini, mahali pale pale, mmiliki hajali matengenezo. Godi hakucheka. Paskali alikuwa ameving'oa. Katika gemu nzima ya ujambazi alikuwa ameng'oa tusi kwa bisibisi, akabakiza salamu, nami nikamwandika kwamba hajali matengenezo. Matusi niliyoyasikia siku ile yalikuwa ya majambazi wa ndani ya kioo, si ya wateja wake.

Nililia kidogo, Godi akajifanya anatafuta chaja. Kisha nikajaribu kucheza. Kidole kikateleza nikamtukana mzee mmoja wa pale mlangoni, nikapigwa bomba mpaka kioo kikawa chekundu. Godi ndipo akacheka. "Mama, hujamsalimia!" Nilicheza kwa saa tatu na nusu, nikauawa mara thelathini, na kufika jioni nilikuwa nimevuka mtaa mmoja kwa shikamoo peke yake.

Nisiwafiche, nilifikiria kunyamaza. Wiki tatu si nyingi. Ningeweza kuumwa siku ya kikao, kamati ingefungua jalada, ingekataa, nanyi mngeniaga na kitenge changu bila mtu kujua lolote. Nilipanga hata ugonjwa wenyewe, mgongo, kwa sababu mgongo haupimiki. Siku ilipofika nilivaa gauni langu zuri nikaenda.

Paskali aliitwa ndani. Kofia ilikuwa ya sufi vile vile, nywele chini yake zilikuwa nyeupe. Aliivua. "Shikamooni," aliiambia meza, na baadhi ya waliokaa pale angeweza kuwazaa. Wakaitikia marahaba. Mimi sikuitikia.

Mwenyekiti alisema kuna ripoti ya zamani dhidi ya mwombaji. Nikaomba niisome mimi, kwa kuwa ni yangu. Nilianza na mistari miwili ya juu.

"Dakika kumi na moja?" mwenyekiti aliuliza.

"Ndiyo, mwenyekiti. Na nilikuwa nimesimama." Nikawaeleza yote. Nikasema wateja hawakunisalimia kwa kuwa walikuwa na vidude masikioni, na kwamba nilifunga ukumbi wa mtu kwa sababu ya shikamoo ambayo sikupewa. Nikaeleza habari ya kitufe, wajumbe wakainamia ile sentensi ya kibodi wakaisoma mmoja mmoja. Nikasema naomba maelezo yangu yawekwe jaladani juu ya ripoti ile, ili atakayefungua aanze nayo. Kisha nikamgeukia.

"Shikamoo, kaka Paskali."

Yeye aliikunja kofia, akaikunjua, akaangalia chini. Hakujibu. Mwenyekiti akakohoa, kikao kikaendelea, wakampa kibali kwa masharti aliyoyaandika mwenyewe. Alitoka bila kuniangalia, nami nikarudi mezani kwangu na shikamoo yangu mkononi. Mliokuwepo siku za mwisho mlidhani nimenyamaza kwa huzuni ya kustaafu.

Jana nilikwenda. Ukumbi uko nyuma ya soko la Mbulu, upande mmoja darasa, upande mwingine gemu, na mlangoni kuna karatasi ya umri. Niliacha saa nyumbani na mhuri sina tena. Alikuwa ameinamia kibodi na bisibisi mkononi.

"Shikamoo, kaka Paskali."

Aliweka bisibisi chini. Alinitazama, nami sikuondoa macho.

"Marahaba," alisema. Kisha akasogeza kigoda cha miguu mitatu, kile kile, akakifuta kwa mkono. "Karibu kiti. Au leo pia una haraka?"

"Sina. Nimestaafu."

"Kanisani wamenitumia ujumbe," alisema akirudi kwenye kibodi yake. "Wanataka nirudi kwenye kwaya. Nimewaambia wanipe muda kidogo." Hilo neno "kidogo" alilitamka kwa kulivuta, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka.

Nilikaa. Vijana wa darasani walisalimia wote, tena kwa kusimama, mpaka nikaona haya. Nikatoa hili daftari lenu mkobani, nikamuuliza kaka Paskali saa, akaniambia, nikaandika mstari wa kwanza kama nilivyofundishwa: kuingia, saa tano na dakika kumi. Mstari wa kutoka nimeuacha wazi.